Yafaa Nini Kupanda Mlima?

Wako watu wanaopanda mlima kwa kuwa shamba lao liko juu. Wengine hupanda kumtafuta ng'ombe aliyepotea, au kukata mianzi, au kuvuka kwenda soko la upande wa pili. Hao hakuna anayewauliza lo lote. Lakini mtu akisema, "Kesho asubuhi nitaupanda mlima ule, nifike juu, nitazame, kisha nirudi nyumbani kabla ya jua kutua," watu wa kwetu humcheka. Husema hiyo ni kazi ya watu wasio na jembe.

Mimi nimefundisha watoto kwa miaka mingi katika vilima vya Masisi, nami nimepanda mara nyingi kwa ajili ya kutazama tu. Nataka kuwaeleza kwa nini naona kwamba mwendo huo si mchezo wa bure. Liko jambo ambalo mtu wa bondeni halioni, hata awe na macho makali namna gani. Yampasa apande.

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili ni geni kwa Wakristo. Musa alipewa Amri juu ya mlima. Bwana wetu Yesu Kristo alipotaka kusali peke yake alipanda mlimani, na utukufu wake aliwaonyesha wanafunzi watatu juu ya mlima, si sokoni. Na katika siku zilizo karibu nasi, Baba Mtakatifu Pius XI, kabla hajawa Papa, alikuwa padre mpanda milima. Mwaka 1889 yeye na wenzake waliupanda Monte Rosa kutoka upande wa Macugnaga, Italia, wakalazimika kungoja usiku mzima juu ya jabali katika baridi kali. Mwaka 1923, akiwa Papa, alimweka Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Tena yuko kijana Pier Giorgio Frassati wa Turin, aliyependa maskini, Misa na milima. Alikufa mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 24, naye aliandikwa katika hesabu ya watakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Basi, vijana wetu wasione haya.

Kilima kisicho na msitu

Nitasimulia safari mbili. Ya kwanza ilikuwa mwaka 2019, wakati wa likizo ya kiangazi. Tulikuwa walimu watatu, vijana saba wa shule, na mzee mmoja Mhunde aliyetuongoza. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kusali, tukaupanda mlima mrefu ulio nyuma ya Mushaki, juu ya barabara itokayo Sake kwenda Masisi. Kila mmoja alikuwa na fimbo, chupa ya maji, viazi vya kuchemsha na kipande cha jibini ile ya Masisi inayojulikana hata Kinshasa.

Njia ilipita kati ya mashamba ya maharagi, kisha ikaingia katika malisho. Nyasi zilikuwa fupi na laini, zimejaa umande. Ng'ombe walituangalia bila hofu. Saa nne na nusu tulifika juu. Tukakaa chini, tukanyamaza, maana pumzi zilikuwa zimetuishia, tena mbele yetu palikuwa na jambo la kunyamaziwa.

Upande wa mashariki Ziwa Kivu lilikuwa limelala kama sahani ya bati, mita 1,460 juu ya bahari. Mwisho wake, chini yetu, tuliona mabati ya Sake. Nyuma yake palikuwa nchi nyeusi ya mawe yaliyochomwa, na juu ya nchi hiyo milima miwili ya moto. Nyamulagira, wenye mita 3,058, ni mpana kama kikapu kilichofunikwa chini. Nyiragongo, wenye mita 3,470, ulikuwa ukitoa moshi mweupe. Mzee alituonyesha kwa fimbo mahali ambapo moto wa Nyamulagira ulishuka kati ya mwaka 1938 na 1940, ukaingia ziwani karibu na Sake. Vijana, ambao waliukumbuka zaidi moto wa Nyiragongo wa mwaka 2002 kwa kusimuliwa na wazazi wao, walishangaa kusikia kwamba hata ziwa limewahi kukatwa kipande.

Kisha tukageuka upande wa machweo. Huko vilima hushuka kimoja nyuma ya kingine, kijani, halafu buluu, halafu rangi ya majivu, mpaka macho yanachoka. Huko ndiko Walikale, nchi ya msitu mkubwa na ya mito.

Kijana mmoja akauliza, "Mzee, na hapa tulipokaa, msitu haukuwako?" Mzee akacheka kidogo. Alisema baba yake alitega mitego mahali pale pale tulipoweka viazi vyetu, na kwamba mtu hakuweza kuliona ziwa kutoka pale kwa sababu ya miti. Akaanza kutaja kwa Kihunde majina ya miti, mmoja mmoja, kama mtu anayetaja majina ya jamaa zake marehemu. Vijana hawakujua hata mmoja.

Habari hiyo ina historia yake. Tangu mwaka 1937 hata 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha maelfu ya jamaa kutoka Rwanda, nchi iliyokuwa na njaa na watu wengi, ikawaweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Mashamba makubwa ya walowezi nayo yalifunguliwa, na baadaye, katika miaka ya 1970, malisho makubwa ya ng'ombe yalienea zaidi. Miti ilianguka. Mkulima aliyekata mti alitaka kuwalisha watoto wake. Aliyehamishwa hakuchagua kilima. Lakini msitu ulikwenda, na mahali pa msitu palikuja swali ambalo halijaisha: ardhi hii ni ya nani?

Mlima wenye msitu

Safari ya pili ilikuwa miaka miwili kabla ya hiyo, nami naiweka nyuma makusudi, ili msomaji aone tofauti. Nilikwenda na wenzangu kuupanda Mlima Kahuzi, katika Kivu ya Kusini. Mlima huo una mita 3,308. Ni mlima wa moto uliozimika zamani, nao ndio ulioipa jina Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Hifadhi hiyo haikomei kwenye mlima. Inashuka kupitia njia nyembamba ya msitu, kisha inapanuka sana katika nchi za chini, hata kuingia wilaya ya Walikale, mahali penye mita 600 tu. Kwa hiyo ukisimama juu ya Kahuzi, unasimama juu ya paa la nyumba ambayo ukumbi wake uko Walikale.

Tulitoka Tshivanga pamoja na walinzi wa hifadhi, maana hakuna ruhusa ya kwenda bila wao. Mwanzo tulipita chini ya miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, giza kama kanisani kabla mishumaa haijawashwa. Kisha tuliingia katika mianzi. Humo mtu huenda ameinama, na mianzi husuguana juu ya kichwa chake kwa mlio wa mlango mbovu. Mlinzi alituonyesha mianzi michanga iliyovunjwa na gorila, wale ambao porini hawapatikani mahali pengine po pote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo yetu. Hatukuwaona wenyewe. Tuliona kinyesi chao na vitanda vyao vya majani, tukaridhika.

Juu ya mianzi miti hupungua kimo, na baridi huzidi. Palikuwa na maji kila mahali. Hayakuwa maji ya mafuriko, bali maji matulivu yaliyotoka chini ya kuvu, yakatiririka matone kwa matone kwenye mizizi. Mvua haikuwa imenyesha siku ile, lakini mlima wote ulikuwa ukitoa maji kama sifongo iliyokamuliwa. Tulifika kileleni kabla ya saa saba mchana. Ukungu ulituficha kila kitu kwa muda, halafu upepo ukaufunua kama pazia. Mashariki tuliona ziwa na kisiwa cha Idjwi. Magharibi hapakuwa na kilima kitupu hata kimoja: msitu, na msitu, na msitu.

Hapo ndipo nilipoelewa nini kimepotea Masisi. Vilima vya Masisi ni vizuri, nami navipenda. Lakini mvua ikinyesha juu yake, maji hayana wa kuyapokea, nayo hukimbia na udongo. Tusisahau tarehe 4 na 5 Mei 2023, wilayani Kalehe, ambayo imepakana na Masisi. Baada ya mvua kubwa mito ilishuka kutoka milimani na mawe na matope, ikazika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ni ya Mungu, lakini mlima uliovuliwa nguo hauwezi kuizuia.

Haki yataka niseme na neno jingine. Wambuti, ambao wengine huwaita Batwa, walikuwa wakikaa katika msitu wa Kahuzi kabla haujaitwa hifadhi. Katika miaka ya 1970 walitolewa humo, wakaachwa bila ardhi. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyosema kwamba walidhulumiwa. Basi tunapousifu msitu uliobaki, tuwakumbuke walioulipia kwa makao yao. Si uzuri mkamilifu ule unaopatikana kwa kumsahau jirani.

Maji mawili, mto mmoja

Sasa nifikie lile jambo ambalo mtu wa bondeni halioni.

Mgongo wa milima ya Masisi hugawa maji. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki hushuka hata Ziwa Kivu. Kutoka Kivu huingia mto Ruzizi, na Ruzizi hulipeleka Ziwa Tanganyika. Kutoka Tanganyika mto Lukuga hulichukua magharibi, hata Lualaba. Tone jingine, lililoanguka karibu na la kwanza lakini upande wa machweo, hufuata vijito vya Masisi, huingia mto Lowa, hupita Walikale katikati ya msitu, nalo huishia Lualaba. Kumbe matone mawili yaliyoachana juu ya kilele kimoja hukutana tena katika mto mmoja, nao ndio Kongo uendao baharini.

Niliwafundisha watoto habari hiyo kwa ramani kwa miaka mingi, nao waliikariri. Siku ile nyuma ya Mushaki, nilipowaambia wasimame, wanyoshe mkono mmoja kuelekea ziwani na mwingine kuelekea Walikale, ndipo walipoiamini.

Na kwa nini iwe lazima kuiamini? Kwa sababu bondeni tumejifunza kuhesabu watu kwa makabila na kwa upande wa kilima. Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na baada ya siku chache moto huo wa ugomvi ulikuwa umefika Masisi. Sumu iliyomwagwa Walikale ilinywewa Masisi. Tangu hapo hatujapata amani ya kudumu. Utajiri ulio chini ya miguu yetu umezidisha tamaa: koltani ya Rubaya katika Masisi, na bati la mlima wa Bisie katika Walikale. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Masisi mjini, kisha Goma. Mwezi wa Machi 2025 vikafika Walikale mjini. Mama wengi walipanda vilima hivyo hivyo nilivyovisifu, wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni, wala hawakupanda ili kutazama.

Nakumbuka mtoto mmoja wa darasa la tano, aliyekuja kwetu akiwa mkimbizi. Niliwaambia wanafunzi waandike sentensi tano juu ya mlima. Wengine waliandika juu ya mbuzi, mvua na viazi. Yeye aliandika sentensi moja tu: mlima ni mahali ambapo bunduki zinatoka. Sikumsahihisha. Alikuwa ameandika aliyoyaona.

Lakini nimeifikiri sana sentensi hiyo. Mtoto asiyeujua mlima ila kwa bunduki amenyang'anywa kitu kikubwa kuliko shamba. Amenyang'anywa nchi yake machoni. Hata akirudi kwao siku moja, atakaa bondeni akiogopa kuinua kichwa. Na mtu anayeogopa kuinua kichwa hawezi kujua kwamba adui wa upande wa pili hunywa maji yale yale. Kwa hiyo nasema kwamba kupanda mlima kwa ajili ya kutazama, siku amani itakaporudi, ni sehemu ya kuiponya nchi.

Mafundisho ya Mwindo

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya shule. Wanyanga wa Walikale wana masimulizi makubwa ya shujaa Mwindo. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck aliyaandika kutoka kinywani mwa msimulizi Candi Rureke, na mwaka 1969 yalitolewa kuwa kitabu, kwa msaada wa Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe.

Mwindo alikuwa na nguvu na majivuno. Alipoua joka la msituni, Radi, rafiki wa joka hilo, alimchukua juu angani, akakaa huko mwaka mzima. Huko juu aliteswa na mvua, mwezi na jua, akakatazwa kuua wanyama ovyo. Aliporudi chini hakuwa mtu yule yule. Aliwakusanya watu wake, akawapa sheria: walime vyakula vya namna nyingi, wasigombane, wasimtamani mwenzi wa mtu, wasimcheke mlemavu apitaye kijijini. Sisi Wakristo tuna Sheria iliyo juu zaidi. Lakini angalieni: shujaa wa msitu naye ilimbidi atolewe bondeni, aoneshwe udogo wake, ndipo aweze kuwaongoza watu kwa amani.

Namna ya kwenda

Kwa vijana watakaotaka kujaribu, nawapa maneno machache.

Msiende kamwe mahali palipo na vita, wala pale mnapoambiwa kwamba mabomu yameachwa ardhini. Mlima hautahama, ngojeni. Msiende peke yenu. Waambieni wazazi na paroko njia mtakayopita, ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, na katika hifadhi mfuateni mlinzi.

Ondokeni alfajiri. Katika milima yetu mvua hupenda kuja baada ya adhuhuri, na radi za Kivu si za kuchezewa. Ikifika saa saba nanyi hamjafika kileleni, rudini bila kuona haya. Wengi hudhani kiangazi ndicho kionyeshacho mbali. Sivyo: mwezi wa Julai na Agosti vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika upeo. Asubuhi iliyo safi kuliko zote ni ile inayofuata usiku wa mvua.

Msiwashe moto msituni. Msiache mfuko wala chupa. Na mkifika juu, nyamazeni kwanza kwa muda wa kusali Baba Yetu polepole, ndipo muanze kuonyeshana vijiji. Mkishuka, kila mmoja apande mti mmoja nyumbani kwao. Mikaratusi hufaa kwa kuni na makala, ili msitu upone shoka. Lakini kando ya chemchemi pandeni miti ya asili, maana mkaratusi hunywa maji mengi.

Nanyi wazazi mlio mbali na vilima vyenu, katika kambi au katika nyumba za jamaa, liko jambo mnaloweza kulifanya leo bila fimbo wala viatu. Jioni, baada ya rozari, watajieni watoto majina ya vilima vya kwenu na vijito vinavyotoka humo. Waambieni ni upande gani maji yanashuka, na yanakutana wapi. Mtoto anayejua jina la kilima chake hatakisahau, na anayejua mwisho wa kijito chake hatamchukia kwa wepesi mtu wa ng'ambo.

Mungu aliyeiinua milima ya Masisi na kuutandaza msitu wa Walikale chini yake atujalie tuipande tena kwa amani, sisi na watoto wetu.